Siku Niliyoipita Ruziba

Tangu nirudi, kila anayekuja kukaa nasi barazani anataka nianzie mwisho: tulijifunza nini, tulikula nini, Warundi wako vipi. Kati yao Asha na Tatu ndio wamenishika hasa, wanataka niandike. Basi naandika, lakini nitaandika siku moja tu, ile ya kwanza. Miezi minne iliyofuata naweza kuisimulia huku nachambua mchicha. Siku ile nikiisimulia kwa mdomo huwa nacheka mahali pasipofaa, na mengine nayaruka kwa aibu.

Kwa asiyejua, nilichaguliwa kwenda kusoma muhula mmoja katika shule ya bweni upande wa Bujumbura. Ni shule mpya, inachukua vijana kumi na wawili kutoka nchi zinazolizunguka ziwa letu, wakae pamoja kando ya maji na walisome ziwa lenyewe. Barua ilikuwa na sharti moja lililopigiwa mstari: saa kumi alasiri ya siku ya kwanza orodha inafungwa, na asiyekuwepo nafasi yake anapewa anayefuata. Mambo ya fomu na pasi nayaacha, hayana utamu.

Ujiji hadi mpakani

Tuliondoka Ujiji alfajiri, mimi na baba. Mama hakuja kituoni. Alinifungia mihogo na dagaa wa kukaanga katika kitambaa, akanishika mashavu, akaingia ndani, nikamsikia akisogeza masufuria ambayo hayakuhitaji kusogezwa. Baba mnamjua, fundi cherehani yule, si mtu wa maneno. Kutoka Kigoma mpaka Manyovu alisema mara mbili. Mara ya kwanza alisema kuna baridi, mara ya pili akasema imepungua.

Pale mpakani askari mmoja wa upande wa pili aliitazama saa yangu ya mkononi, akaniambia niirudishe nyuma kwa saa moja. Nilijua jambo hilo, kila mtu wa kwetu analijua. Lakini nilipogeuka kumwangalia baba, nilishtuka. Alikuwa amesimama ng'ambo ya kizuizi, hatua hamsini kutoka nilipo, ameshika kofia yake kifuani. Kwake ilikuwa saa mbili asubuhi, kwangu saa moja. Nilimpungia mkono mtu aliyekwisha kuishi saa ambayo mimi bado sijaifikia. Alinipungia mara moja, akavaa kofia, akarudi kwenye siku yake.

Nilitembea nikijihisi tajiri, kama mtu aliyepewa saa nzima ya bure.

Kushuka Nyanza-Lac

Kule mpakani nilipanda teksi ya pamoja inayokwenda mpaka Bujumbura. Ilipoondoka tu, dereva akashika upande wa kulia wa barabara. Kwamba wenzetu wanaendesha kulia nilisoma shuleni. Lakini kusoma ni tofauti na kuona lori linakujia kutoka upande usioutegemea. Nilimkamata mkono mwanamke aliyekaa kando yangu, nikapiga kelele, "Yallah!"

Akaniangalia kwa huruma. "Nini, mutoto? Uko mugonjwa?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Apana, usiniambie shikamoo. Mi si muzee hivyo."

Ndivyo nilivyomjua Mama Esperansi. Mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya barabara. Alikuwa mfanyabiashara wa mawese. Anayanunua kusini na kuyauza katika duka lake dogo Nyakabiga, mtaa ulio karibu na katikati ya Bujumbura. Bidoni zake za njano, yaani madumu ya mawese, zilijaza nyuma ya gari, na mbili zilikuwa chini ya miguu yangu, kwa hiyo magoti yangu yalifika kidevuni muda wote wa safari.

Barabara ilishuka kutoka milimani ikijipinda. Tulipita mashamba ya michikichi, halafu wanaume wa baiskeli wamefunga ndizi mpaka baiskeli yenyewe haionekani, unaona mlima wa ndizi wenye miguu. Kona moja zaidi, ziwa likafunguka.

Ninyi mnajua nimezaliwa kando ya ziwa hili. Nimefua nguo ndani yake, nimechota maji yake kichwani, sikudhani lina jambo jipya la kunionyesha. Lakini sisi Ujiji tunalitazama tukiwa tumesimama ufukweni, linakuwa mstari wa buluu mbele ya macho. Siku ile nililiona kutoka juu, limelala lote. Milima ya Kongo ilikuwa imesimama upande wa pili, na kivuli cha wingu moja kilikuwa kinatembea juu ya maji, kikubwa kuliko Ujiji na Kigoma zikiunganishwa. Pembeni ya kivuli hicho kulikuwa na mtumbwi, mdogo kama punje ya mchele. Mdomo wangu ulibaki wazi.

"Kwenu lac hakuna?" Mama Esperansi akaniuliza.

"Lipo. Ni hili hili."

"Ile ile?" Akacheka mpaka bidoni zikagongana. "Sasa we uko nashangaa mayi ya kwenu?"

Foleni ya Rumonge

Rumonge gari lilisimama, dereva akazima injini na kulaza kiti. Mbele yetu kulikuwa na foleni ya magari ambayo mwisho wake sikuuona.

"Esansi imeisha," akasema. "Tungoje."

"Mpaka saa ngapi?" nikauliza.

"Mpaka ikuje."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Hapo ndipo niliposhuhudia jambo ambalo bado linanistaajabisha. Hakuna aliyewasha gari. Foleni ikisogea hatua chache, abiria wote wanashuka, wanasukuma gari lao kwa mikono, wanaingia tena ndani, mazungumzo yanaendelea pale yalipokatika. Mwanamume mwenye suti na tai alisukuma. Bibi mmoja mwenye fimbo alishuka, akaegemeza kiganja chake nyuma ya gari kwa heshima tu, akarudi kukaa. Mimi nilisukuma pamoja nao mara kumi na moja. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyechomekea.

Njaa ilipouma, Mama Esperansi akasema atanilisha kitu ambacho mtu wa Tanzania hajawahi kuonja, samaki anayeitwa mukeke. Aliagiza kwa mchomaji wa pembeni, tukaletewa samaki mrefu aliyepasuliwa na kuchomwa, ndizi za kukaanga na pilipili.

Nikamtazama samaki. Samaki akanitazama.

"Mama, huyu ni mgebuka."

"Apana. Ni mukeke."

"Tunamla kila wiki. Mgebuka kabisa."

Akamwita mchomaji, akamwita dereva, akamwita yule bwana wa suti. Baraza likakaa juu ya samaki wangu. Mwisho wakakubaliana kwamba akivuliwa upande wa Tanzania anaweza kuitwa mgebuka, lakini huyu alivuliwa Rumonge, kwa hiyo ni mukeke na hana habari ya jina jingine. Nikamla kwa jina lake. Alikuwa mtamu kuliko yeyote niliyewahi kumla, na mama yangu akisoma hapa anisamehe.

Mafuta yalifika baada ya zaidi ya saa mbili. Ile saa ya bure niliyopewa mpakani iliishia pale, ikaondoka na mwenzake.

Chini ya mlima

Kutoka Rumonge barabara inabanwa. Kulia mlima umesimama wima, kushoto maji yapo karibu sana mpaka mawimbi yakipiga unaona matone kwenye kioo. Dereva alikimbiza gari. Nilisahau kuogopa. Macho yangu hayakutoka ziwani, kwa sababu kila kona ililileta upya, mara kijani, mara fedha, mara jeusi chini ya mwamba.

Tulipokaribia mjini niliwaona viboko. Watatu, masikio na pua tu, karibu na mahali ambapo wanawake walikuwa wanafua kama kawaida yao. Nilikuwa nimebandika uso kwenye kioo niliposikia dereva anauliza, "Wa Ruziba iko?"

Nilimsikia vizuri. Nikadhani anamtafuta mtu mwenyeji wa Ruziba, labda ana mzigo wake. Mimi ni wa Ujiji. Nikanyamaza, nikaendelea na viboko wangu.

Shule yangu ilikuwa Ruziba.

Kiriri

Tulipofika kwenye parking, ndiyo stendi ya mjini, ilikuwa saa sita mchana. Nikamwuliza Mama Esperansi Ruziba ni gari gani.

"Ruziba? Tumeipita zamani! Dereva aliuliza."

Akataka kuiona barua yangu. Ilikuwa imeandikwa Kifaransa, na yeye aliisoma kama anavyohesabu bidoni zake, kwa kuruka-ruka. "École... voilà, shule. Lac... voilà, ziwa. Ruziba... apana. Hawa walikosea. Ruziba ni ya wavuvi na mashamba, internat, shule ya kulala, hakuna. Internat ya mabinti iko kule Kiriri, na ile inaona lac yote. Leo wanapokea wapya, nimeona wengi na matelas kichwani. Twende."

Ningeweza kubishana. Lakini fikirini, ni mtu mzima, mwenyeji, amenilisha, na anazungumza kwa uhakika kuliko karatasi. Nikamfuata.

Kiriri iko juu ya mlima, mji wote uko miguuni pake. Ni kwa wenye nafasi: nyumba zimefichwa na kuta ndefu zenye maua, walinzi malangoni, magari binafsi yanateremka kimya kimya. Teksi ilipotushusha niligeuka nyuma, sanduku likaniponyoka. Bujumbura yote ilikuwa pale chini, mabati na miti, minara ya makanisa na ya misikiti. Baada yake bonde pana lisilo na mwisho, baada ya bonde ziwa, na baada ya ziwa milima ya Kongo, karibu kama ukuta wa jirani. Nikasema moyoni, hapa ndipo nitakaposoma. Nililia kidogo, kwa furaha.

Mlangoni alisimama mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, Madame Directrice, mkuu wa shule ile.

"Jina lako?"

"Mariamu, Madame."

"Mariamu wa kusini?"

"Ndiyo, Madame."

"Ah, voilà! Tuko nakungojea tangu asubui!"

Mama Esperansi aliniangalia kwa ushindi. Akaniambia nikikosa kitu chochote nishuke Nyakabiga na kuuliza Mama Esperansi wa mawese, akaenda zake.

Nilipokelewa kama binti wa kifalme. Nilipewa maharage ya mawese na ugali laini wa muhogo, nikaongezwa bila kuomba. Nilipewa kitanda cha chini kando ya dirisha linalolitazama ziwa. Wasichana walinifundisha kusema asante kwa Kirundi, *urakoze*, nikaisema kwa kila mtu, hata kwa mpishi aliyenipa chumvi. Nikavua viatu, nikajinyoosha, na nadhani nilisinzia.

Niliamshwa na msichana aliyesimama juu yangu. Nyuma yake kulikuwa na baba yake, amebeba godoro kichwani.

"Samahani," akasema. "Mi ni Mariamu. Wa Nyanza-Lac. Wameniambia iki ni kitanda yangu."

Tulitazamana, Mariamu wawili wa kusini. Madame Directrice aliitwa. Aliivaa miwani yake, akaisoma barua yangu polepole mpaka mwisho, akaivua.

"Binti yangu, hapa imeandikwa Ruziba."

"Ndiyo, Madame."

"Na hapa ni Kiriri."

"Ndiyo, Madame."

"Sasa, kwa nini ulikula?"

"Nilikaribishwa, Madame."

Bweni zima lilicheka, na yeye pia alipambana na mdomo wake. Kisha akaipigia simu namba iliyokuwa kwenye barua. Alizungumza Kifaransa muda mrefu, na nikaona kicheko kinaondoka usoni mwake kidogo kidogo.

"Nimeongea na mwalimu wako," akasema. "Anasema saa kumi ni saa kumi. Alidhani hukuji. Mutoto mwingine ameitwa, anangoja na matelas yake. Saa kumi ikipita, nafasi ni yake."

Ilikuwa saa nane na nusu. Gari la shule lilikuwa limeegeshwa uani, safi, zuri, halina hata tone la esansi, na teksi iliyotuleta ilikuwa imeondoka zamani.

Kushuka Nyakabiga

Madame alisema sanduku langu nitaletewa mafuta yakipatikana. Alinionyesha njia kwa kidole kutoka pale juu, ukipita hivi na hivi unatokea Nyakabiga. Nilichukua mfuko wangu mdogo nikakimbia.

Mchana nilikuwa nimeushangaa mlima kutoka ndani ya teksi. Sasa niliujua kwa magoti. Nilipita kuta za maua na walinzi walionikodolea macho, ushungi unapepea, viatu mkononi kwa sababu vilikuwa vipya na vinauma. Nilichofikiria ni baba. Alikuwa amewaambia wateja wake wote. Alikuwa amenishonea sare mbili kwa kukisia, kwa sababu barua haikutaja rangi. Nilijiona narudi Ujiji baada ya siku tatu, watu wanauliza kulikoni, na mimi nasema nililala kitanda cha mtu.

Nyakabiga nyumba zimebanana, maduka madogo yametazamana, na kila mtu yuko nje. Niliuliza mara moja tu, nikaonyeshwa na watu wanne. Mama Esperansi alikuwa anamimina mawese kwenye chupa. Nilimweleza nikiwa nahema. Akaiweka chupa chini.

"Ruziba iko na internat?"

"Iko, mama. Ni mpya."

Akajifuta mikono kwenye kitenge. Kisha akafunga duka. Wateja wawili walikuwa wamesimama mlangoni na chupa zao. "Kosa ni yangu mi," akawaambia, kana kwamba wanajua kisa chote. "Mi ndiye nilimupeleka kwingine. Mi ndiye nitamufikisha."

Tulitembea. Mama yule mnene alitembea mbele yangu kwa hatua fupi za haraka, jasho linamtoka, anasukuma watu kwa mabega na kuomba radhi kwa lugha tatu. Mabasi tuliyoyakuta yalikuwa yamesimama matupu, watu wamejipanga pembeni, hakuna lililotembea. Hatukusimama. Baiskeli za abiria haziruhusiwi katikati ya mji, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu mpaka kusini mwa mji zinapoanzia. Saa yangu ilisema tisa na dakika arobaini.

Kwa baiskeli

Tulichukua baiskeli mbili. Yangu iliendeshwa na Nestori, mwanamume mwenye vigimbi vya miguu kama mawe. Ya Mama Esperansi iliendeshwa na mwenzake, ambaye alimtazama abiria wake, akatazama magurudumu, akafanya ishara ya msalaba.

"Nimekuona!" Mama Esperansi akamwambia. "Endesha!"

Sijawahi kukimbizwa namna ile. Upepo wa ziwa ulikuwa unatujia usoni. Lori lilitupita, Nestori akageuza kichwa. "Tushike kamyo? Tutafika mbio."

"Apana!" ikasikika sauti kutoka nyuma kabisa. "Mutoto wa watu huyo!"

Basi alikanyaga. Kila kilima kidogo alisimama juu ya pedali na kupumua kwa sauti. Nilitaka kushuka nimpunguzie, akakataa. Akaniuliza ninakwenda kusoma nini.

"Ziwa," nikasema.

"Ziwa nayo wanaisoma?"

"Wanalisoma."

Alimalizia kilima kwanza. "Mi nimeishi hapa miaka yote," akasema, "naipita kila siku. Sikujua iko na kitu ya kusoma." Hakusema kwa dharau. Alisema huku analitazama upande wa kulia, lilipokuwa linang'aa kati ya nyumba, na baiskeli ikayumba, ikabidi nimkumbushe barabara.

Ruziba

Tulifika saa kumi na dakika ishirini.

Hapakuwa na geti wala bango. Palikuwa na mashamba ya mboga mpaka karibu na maji, ndagala, dagaa wao, zimeanikwa, nyavu zimetandazwa, na nyumba mbili ndefu zilizopakwa chokaa. Ufukweni kulikuwa na vijana wamevaa makoti ya kuokolea maisha majini, na mitumbwi miwili mipana. Mwalimu Dismasi, mwanamume mfupi mwenye kaptula na daftari, alitugeukia.

"Mariamu wa Ujiji," akasema. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. "Nimefunga saa kumi."

Mama Esperansi alikuwa bado anashushwa kwenye baiskeli. Alianza kuzungumza kabla miguu haijagusa chini. Kosa ni lake, yeye ndiye aliyekataa kwamba Ruziba kuna shule, na kama kuna anayefaa kuadhibiwa aadhibiwe yeye. Alizungumza Kirundi, Kiswahili, Kifaransa, na mwisho akaishiwa pumzi akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, nimekusikia. Lakini niko na nafasi kumi na mbili, na ya kumi na mbili nimekwisha kuitoa."

Akamwonyesha. Kando ya maji alisimama msichana mwembamba wa rika langu, anaitwa Belyse, binti wa hapo hapo Ruziba. Nyumba yao ilionekana pale tuliposimama, ya tatu baada ya shamba la lengalenga, mchicha wao. Alikuwa amevaa koti la kuokolea lililoandikwa jina langu kwa kalamu kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa imeanza kubanduka. Nilimwangalia nikakumbuka nilivyomwangalia yule Mariamu wa Nyanza-Lac kutoka kitandani kwake. Ni nini ningemwambia? Alikuja kwa wakati. Mimi nilikuwa nimelala Kiriri.

Nikasema ukweli: "Mwalimu, yeye hajakosea. Naomba tu mahali pa kulala leo. Kesho nitarudi kwetu."

Mwalimu akafungua daftari, akalifunga. Mawimbi madogo yalipiga. Belyse alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Mwalimu," akasema, "shida ni nini? Kitanda ao masomo?"

"Namna gani?"

"Mi kitanda niko nayo kwetu. Pale. Mama yangu anaona hapa akiwa jikoni. Huyu kitanda hana." Akainua macho, na nikaona si msichana wa mchezo. "Kitanda achukue. Chakula ya usiku achukue. Masomo siachi. Na mutumbwi siachi."

Mwalimu Dismasi alikuna kichwa kwa daftari. Alisema makoti ni kumi na mawili tu. Belyse akasema koti la mjomba wake liko nyumbani, anaweza kulileta kabla Mwalimu hajamaliza kukuna kichwa. Mwalimu akacheka, vijana wakacheka, na akasema tuanze hivyo, atawaeleza wakubwa wake kesho. Kesho ile iliendelea kwa miezi minne. Jioni Belyse alikwenda kwao, asubuhi alikuwa wa kwanza kufika, na sanduku langu lililetwa kutoka Kiriri siku ya tatu.

Mama Esperansi alinikumbatia, nikanusa mawese na jasho. "Sasa nikisikia mutu anasema Ruziba hakuna internat, tutapigana," akasema. Alipanda baiskeli yake upya, na yule mwendeshaji akafanya tena ishara ya msalaba.

Juu ya maji

Hakukuwa na esansi ya injini, kwa hiyo tulipiga kasia. Belyse alivuta kama anayepumua. Mimi nilimwagia watu maji mpaka nikapata mwendo. Jua lilikuwa bado liko juu ya milima ya Kongo. Tulikwenda mpaka nyumba za Ruziba zikawa vipande vya chokaa, na Mwalimu akasema tuache.

Katikati ya mtumbwi wetu kulikuwa na pipa, na ndani yake kamba nyembamba iliyoviringishwa vizuri, ina jiwe mwishoni. "Somo la kwanza," Mwalimu akasema. "Mutafute chini."

Tulidhani ni kazi rahisi. Aliyekuwa mbele akalitupa jiwe, kamba ikaanza kukimbia mikononi mwetu, mtu mmoja anampokelea mwingine. Mwanzoni tulizungumza. Kijana kutoka Uvira akasema sasa hivi itagusa. Haikugusa. Kamba ikaendelea kushuka, maji yakaimeza kimya kimya, buluu, halafu buluu nyeusi, halafu hatukuiona tena. Watu wakaacha kuzungumza mmoja mmoja. Nilikumbuka ndoo zangu zote za Ujiji, miaka yote niliyochota juu juu ya kitu hiki nikidhani nakifahamu.

Pipa likawa tupu. Belyse alikuwa ameshika ncha, ameizungusha kwenye kiganja mara mbili. Alikaa hivyo kidogo, kisha akanipa.

"Sikia," akasema.

Nikaishika. Jiwe lilikuwa kule chini, likining'inia gizani, na uzito wake ulinivuta mkono taratibu kama mtu anayetaka kunionyesha jambo.

"Bado halijafika?" nikamwuliza kwa kunong'ona.

"Apana," akasema Belyse, naye ananong'ona. "Bado sana."